Sehemu ya 31: Themostati, Panadol na gari ya kumpeleka mama kujifungua

Leo nesi wenu nataka kuongea habari za gereji. Msicheke. Mada hii ni ya afya kabisa, na mkinivumilia mpaka chini mtaona inaingiaje kwenye mfululizo wa mama na mtoto.

Huku kwetu, ukianzia Shinyanga mjini, ukapita Kahama na Kakola, ukaja mpaka Geita na Katoro, gari ni sehemu ya mpango wa kujifungua. Kliniki tunamuuliza kila mjamzito: utajifungulia wapi? Nani atakusindikiza? Nani atakuchangia damu ikihitajika? Umeweka pesa ya dharura? Utasafiri na nini? Hilo la mwisho linajibiwa haraka kuliko yote. "Shemeji ana gari." "Jirani ana mchomoko." Linaandikwa, maisha yanaendelea. Karibu hakuna mtu anayeuliza swali linalofuata: hiyo gari ya shemeji ni nzima?

Sasa kuna ugonjwa mmoja wa magari ya huku ambao nimeuona kwenye familia yetu wenyewe, na nimegundua uko kwenye magari mengi sana. Gari imetolewa themostati.

Kwa wasiojua, stori huwa hivi. Gari inachemsha njiani. Unaipeleka kwa fundi. Fundi anafungua, anachomoa kidude kidogo cha mviringo kama kifuniko cha chupa chenye springi, anakuonyesha, anakuambia: "Hii themostati ni ya nchi za baridi, huku Afrika haina kazi. Ndiyo inazuia maji." Anaitupa kwenye kopo. Unalipa, unaondoka, mshale wa joto unakaa chini kabisa, unafurahi. Umepona.

Hujapona. Ngoja nieleze.

Hicho kidude kinafanya nini

Injini inatengeneza joto kali sana. Maji yanazunguka ndani yake, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta mbele ya gari, upepo na feni vinayapooza, yanarudi. Themostati ni mlango ulio katikati ya njia hiyo. Ndani yake kuna kidonge cha chuma kilichojaa nta. Nta ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate moto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma kijiti, mlango unaanza kufunguka na maji yanaenda kwenye rejeta. Joto likipanda zaidi unafunguka wote. Likishuka, springi inaurudisha. Haina umeme, haina kompyuta. Ni nta tu na springi, usiku na mchana.

Mama, wewe unaijua hii kazi. Mtoto mchanga tunataka joto lake likae kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka tunamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia na soksi. Likipanda tunatafuta sababu. Hatusemi "Afrika kuna joto, mtoto hahitaji kofia." Usiku wa Juni hapa Shinyanga unajua mwenyewe ulivyo. Injini nayo ina joto lake la afya, na si baridi kadiri iwezekanavyo.

Injini isiyo na themostati inakaa baridi muda mrefu, hasa safari fupi za asubuhi. Mafuta hayaungui vizuri. Inakula mafuta zaidi, inatoa moshi zaidi, na mafuta yasiyoungua yanapenya kushuka kwenye oili na kuiharibu taratibu. Huo moshi wa asubuhi, gari ikiwa inaunguruma uani "ipate moto", ndio watoto wako wanaovuta wakisubiri kupelekwa shule. Mwenye mtoto wa pumu ananielewa.

Lakini hilo siyo kubwa. Kubwa ni lile la Panadol.

Kushusha mshale siyo kutibu

Kila nesi wa Kanda ya Ziwa amekutana na hili. Mtoto ana homa. Mama anampa Panadol, homa inashuka, mtoto anacheza kidogo, familia inalala. Kesho homa, Panadol. Kesho kutwa analetwa amelegea, macho meupe, damu imeisha, kumbe malaria ilikuwa inaendelea na kazi yake siku zote tatu. Panadol haikufanya kosa. Ilishusha homa, ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba ilinyamazisha kile kitu ambacho kingewaambia wakapime.

Kutoa themostati ni hivyohivyo. Gari haichemshi kwa sababu ya kuwa na themostati nzima. Inachemsha kwa sababu rejeta imeziba, au feni haizunguki inavyotakiwa, au wota pampu imechoka, au mfuniko wa rejeta haushiki presha, au gasketi ya silinda hedi inavujisha. Na ndiyo, mara nyingine themostati yenyewe imekwama ikiwa imefungwa. Ikikwama, dawa ni kuweka mpya, siyo kuacha tundu. Ukiitoa, maji yanakimbia kwenda kwenye rejeta muda wote, siku za kawaida mshale unakaa chini, na ule ugonjwa halisi unaendelea kukua bila mtu kuuona. Unakuja kujionyesha siku moja tu: siku ya mlima, mzigo mzito na jua la saa nane mchana. Yaani siku ile ambayo gari inahitajika kweli.

Siku ya wifi

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana pikapu ya zamani ya dizeli. Anabebea mizigo ya wachimbaji wadogo upande wa Nyarugusu: mifuko, magogo ya kushikilia mashimo, mapipa ya maji. Aliinunua ikiwa tayari imetolewa themostati, na muuzaji alimwambia hiyo ni sifa. "Hii haichemshi kamwe." Miaka miwili mshale haukuwahi kufika hata nusu. Ila nyuma ya siti kulikuwa na dumu la maji la lita ishirini ambalo halikutoka humo. Muwe mnaangalia hilo, jamani. Dereva anayetembea na dumu la rejeta gari yake inaumwa, na yeye anajua.

Wifi yangu uchungu ulimwanza akiwa nyumbani, mimba ya pili, chupa imepasuka. Kaka yake akamchukua na pikapu pamoja na mtoto wake mkubwa wa miaka mitano, maana hapakuwa na wa kumwachia. Wakanipitia mimi njiani. Barabara ya vumbi, mlima, kiyoyozi kimewashwa ili mgonjwa apate nafuu. Tulipofika katikati ya mlima mshale ulipanda kutoka chini mpaka kwenye nyekundu kwa muda mfupi sana. Moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye boneti. Gari ikazima.

Shemeji alifanya wanachofanya wengi. Alichukua tambara, akashika mfuniko wa rejeta. Nilipaza sauti: "Shemeji, acha! Usifungue!" Akajibu, "Shemeji, wifi yako anaumwa, hatuna muda." Akazungusha. Nilichowahi ni kumvuta mtoto, ambaye alikuwa ameshasogea mbele kuangalia moshi, urefu wake sawasawa na rejeta.

Maji yalimkuta shemeji kwenye mkono kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko.

Naomba nieleze kwa nini yanaruka vile, maana watu wanadhani ni mvuke tu. Sisi huku tunakaa juu. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji ya sufuria yako ya maharage yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Lakini ndani ya rejeta kuna presha, mfuniko umeibana, kwa hiyo maji yanaweza kupita nyuzi 100 kwa mbali bila kuchemka. Ukifungua, presha inaondoka palepale, na maji yote yaliyokuwa yamebanwa yanachemka kwa mpigo na kuruka. Maji ya nyuzi 60 tu yanaunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache. Ya mtoto ni laini zaidi. Sasa piga hesabu ya hayo ya rejeta kwenye uso wa mtoto wa miaka mitano.

Lile dumu likapata kazi nyingine. Nilimkalisha shemeji chini, nikamvua saa na pete kabla mkono haujavimba, na tukamwagilia maji ya dumu taratibu kwa dakika ishirini. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama akashika dumu, mimi nikarudi kwa wifi. Nikapiga 115.

Kama bado hamjaiweka hiyo namba kwenye simu, iwekeni sasa hivi kabla ya kuendelea kusoma. 115 ni bure. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Sisi watu wa huku tuna haki ya kujivunia, kwa sababu ulijaribiwa Sengerema na mkoani kwetu Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Unapiga, wanauliza hali ya mama na mahali mlipo, wanatafuta ambulensi, na kama ambulensi iko mbali wanampigia dereva wa kwenye jamii aliyesajiliwa. Dereva huyo analipwa na mfumo, siyo na wewe.

Kwetu alikuja dereva wa jamii. Wifi alifika na njia ikiwa imefunguka sentimita tisa. Akajifungua mtoto wa kiume, kilo 3.1, akalia vizuri. Shemeji mkono wake ulipona baada ya wiki kadhaa za kufungwa vidonda, alama imebaki.

Mambo yaliisha salama. Lakini mjue kwamba kwa mama mwenye kutokwa damu nyingi, ule muda wa kusimama mlimani ndio uhai wenyewe. Ndiyo maana naandika.

Fundi aliyepima kabla ya kutibu

Pikapu ilivutwa, na shemeji akaamua kuipeleka Shinyanga mjini kwa fundi mmoja mzee anayefahamika na familia. Nilikwenda naye, kwanza kwa sababu ya kusafisha kidonda, pili kwa udadisi. Nikapenda anavyofanya kazi. Hakugusa kitu mpaka alipopima.

Rejeta ilitoka matope. Miaka yote ilikuwa inajazwa maji ya lambo na ya mtoni, na tope likajenga ukuta ndani ya zile njia nyembamba. Nje nako vumbi la moramu na oili vimeziba mapezi, upepo haupiti. Feni ilikuwa inazunguka kivivu. Mfuniko raba yake imekauka. Hayo ndiyo magonjwa yenyewe, yote manne, na yote yalikuwepo chini ya ule mshale uliotulia.

Baada ya kutibu hayo akataka kurudisha themostati. Hapo ndipo pakawa na shida. Kile kikopo inamokaa kilikuwa kimeliwa na kutu na chumvi mpaka kingo zimeisha. Themostati mpya ilikuwa inacheza, haikai. Kikopo kipya cha injini ile ya zamani kilitafutwa Shinyanga, Kahama na Mwanza, hakikupatikana.

Akasema, "Basi tutaiweka kwenye mpira."

Yaani kuna kikopo cha alumini kinachofunguka katikati, kina mdomo huku na mdomo huku. Ndani yake unaweka themostati ya kawaida. Unakata ule mpira mkubwa wa juu unaotoka kwenye injini kwenda rejeta, unachomeka kikopo katikati, unabana na klipu pande zote mbili. Themostati inakuwa imehamia barabarani badala ya kukaa nyumbani. Mlango ni uleule, kazi ni ileile.

Kabla ya kuifunga alifanya kitu ambacho kila mama angekipenda. Aliomba sufuria. Akaining'iniza themostati kwa waya ndani ya maji juu ya jiko la mkaa, akaweka kipimajoto cha gereji, tukakaa kuangalia. Nilitaka kumwazima changu cha wodini, akacheka, maana cha kwetu kinaishia nyuzi 42. Ilipofika 82, namba ileile iliyogongwa kwenye chuma, mlango ukaanza kuachia kidogokidogo. Akaitoa, ikajifunga. Akasema, "Hii nzima." Hiyo ndiyo mRDT ya gari, pima kwanza. (Sufuria hiyo haikurudi jikoni, na yako pia isirudi.)

Nilimuuliza mambo ya kuzingatia, nikayaandika kwenye daftari, nawapa kama alivyonieleza:

1. Kile kidonge cha nta lazima kiangalie upande wa injini, kule maji ya moto yanakotoka. Ukigeuza, kinasikia maji ya rejeta yaliyopoa, na injini inaungua huku mlango umefungwa.

2. Lazima kuwe na njia ndogo ya maji kuzunguka wakati mlango umefungwa. Pikapu ile ina mpira mdogo unaorudisha maji kwenye pampu. Kikopo kikakaa mbele ya hapo, kuelekea rejeta. Bila njia hiyo maji yanasimama, moto wa injini haufiki kwenye nta, mlango haufunguki.

3. Kiwekwe karibu na injini kadiri inavyowezekana, kwa sababu hiyohiyo.

4. Themostati iwe na kitundu kidogo cha kupitisha hewa, kama milimita 3, kikae juu. Hewa ikinaswa nyuma ya mlango ni kama hewa kwenye mpira wa dripu, haitakiwi.

5. Kibanwe vizuri, kisining'inie wala kugusana na feni, na klipu zikazwe tena baada ya siku chache. Mpira uliokatwa ukichomoka njiani, maji yote yanaisha.

Halafu akasema jambo ambalo nataka wenye magari madogo walisikie. Njia hii ya kwenye mpira siyo ya kila gari. Hizi IST, Probox na Spacio zenye injini ya 1NZ, ambazo ndizo michomoko yetu mingi, themostati yao inakaa upande wa maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta, na ina milango miwili. Mmoja unapofungua njia ya rejeta, wa pili unaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Kwa hiyo kwenye gari hizo ile "dawa" ya kutoa themostati inaweza kuongeza kuchemsha kwenye mlima. Na ukiongeza kikopo kwenye mpira wa juu hujaziba hiyo njia ya mkato. Gari hizo rudishia ya kwake, mahali pake. Spea zake zipo madukani.

Pikapu ya shemeji sasa mshale unakaa katikati, mlima au tambarare. Siku za mwanzo alikuwa na wasiwasi, akanipigia: "Shemeji, mshale umepanda kuliko zamani!" Nikamwambia ndio unapotakiwa kukaa. Mtoto mwenye 36.8 hatumkimbizii hospitali. Dizeli imepungua, moshi wa asubuhi umepungua, dumu limeshuka kwenye gari.

Kulanti siyo juisi

Fundi alijaza kulanti badala ya maji ya lambo. Ni sahihi, inazuia kutu iliyokula kile kikopo. Lakini mama, hapa nakuomba umakini. Kulanti nyingi zina kemikali inayoitwa ethilini glaikoli. Ina rangi nzuri, kijani au nyekundu au pinki, na ladha yake ni tamu. Mtoto anaiona kama juisi. Inayobaki kwenye galoni watu wanaimimina kwenye chupa ya soda na kuiweka chini ya kitanda au dirishani. Usikubali. Iache kwenye galoni yake yenye lebo, juu, pamefungwa. Inayomwagika uani imwagiwe mchanga na kuzolewa, maana hata mbuzi na mbwa wanailamba.

Mtoto akinywa, mwanzoni anaweza kuonekana kama amelewa, anayumba, anatapika, kisha kama ametulia. Usidanganyike, baadaye inashambulia figo. Usimtapishe kwa nguvu, usimpe maziwa wala mafuta kama dawa. Mkimbize hospitali na ile galoni mkononi, waione.

Ukiungua au mtu akiungua na maji ya rejeta

Toa nguo iliyolowa kama haijashikana na ngozi, toa pete, saa, bangili na shanga. Mwagilia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika ishirini. Siyo barafu. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna asali, hakuna mafuta ya taa, hakuna unga wa ngano. Funika kwa kitambaa safi, usipasue malengelenge. Mtoto mfunike mwili mwingine asipate baridi wakati unammwagilia sehemu iliyoungua. Kisha kituo cha afya, hasa ikiwa ni uso, mikono, miguu, sehemu za siri, au mtoto mdogo yeyote.

Na gari ikichemsha: simama pembeni, zima, watu wote washuke na watoto wakae mbali na boneti. Mfuniko usiguswe mpaka injini ipoe kabisa, na hiyo siyo dakika tano, ni nusu saa mpaka saa nzima na zaidi. Usimwagie maji baridi injini ikiwa ya moto, chuma kinapasuka. Kama kuna mgonjwa, usisubiri gari ipoe. Tafuta usafiri mwingine palepale.

Maswali ya kumuuliza mwenye gari wiki hii

Mama uliye na mimba ya miezi saba na kuendelea, au baba unayesoma hapa, chukua simu mpigie huyo mliyemwandika kwenye mpango wenu:

Gari yako ina themostati, au ilitolewa?
Kama ilitolewa, ilikuwa inaumwa nini kabla?
Mshale wa joto unakaa wapi mkipanda mlima mmejaa?
Unajaza maji mara ngapi kwa wiki? (Gari nzima haimalizi maji.)
Rejeta ilisafishwa lini ndani na nje?
Kama themostati imewekwa kwenye mpira, fundi aliacha njia ndogo ya maji?

Akikasirika, mwambie nesi ndiye aliyesema. Akijibu vizuri, mshukuru. Na akisema "hii haichemshi kamwe, ilitolewa themostati", basi mpe muda wa kuipeleka kwa fundi anayepima, na wewe weka jina la pili kwenye mpango, na 115 juu ya yote mawili.

Sehemu ya 32 tunarudi kwenye kitovu cha mtoto: nini cha kupaka na nini cha kuacha.